Mzee Bashiri Hajui Kushuka

Jumatatu, 10 Julai 1911

Tumeondoka Dodoma alfajiri, watu watatu, baisikeli tatu. Upepo wa Julai usoni, vumbi mdomoni. Mbele Mwalimu Yotham, miwani yake imefungwa kisogoni kwa kamba. Katikati Mzee Bashiri, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni. Nyuma mimi, kwa sababu ndimi mdogo. Nimevuka arobaini na bado natumwa maji!

Mhariri wangu huko pwani anataka habari moja tu: njia ya kaskazini, kutoka reli mpaka Chemba, inafaa baisikeli au haifai? Hiyo ni safari yangu. Safari ya Mzee Bashiri ni nyingine. Anakwenda kuposa.

Mwanamke anaitwa Stara, mjane, ana shamba na mbuzi huko Chemba. Bashiri alimtaka zamani, alipokuwa mpagazi wa misafara, pembe za ndovu begani. Baba yake Stara alimjibu: "Simwozi binti yangu mtu anayetembea." Baba amekufa. Mume aliyepatikana, naye amekufa. Neno limebaki. Basi Bashiri amenunua baisikeli na ameapa ataingia uani kwa Stara bila wayo wake kugusa ardhi.

Taabu ni hii: kupanda amejifunza, kwenda amejifunza, kushuka hajui. Hupandia juu ya kichuguu. Hushuka kwa kukumbatia mti, au Mwalimu humdaka.

Huko Miyuji wachungaji walitukimbilia. "Njooni muone, wazee wamepanda miwani!" Mmoja, Matonya, alimtazama Mwalimu usoni, kisha akatazama magurudumu. "Wewe una tamaa," akasema. "Ndogo umevaa, kubwa umepanda." Mwalimu, Mgogo mwenzao, alimjibu kwa Kigogo. Wote walicheka sana. Amekataa kunitafsiria.

Jumanne, 11 Julai

Makutupora. Askari alisimama katikati ya njia, mkono juu. "Simama!" Mwalimu akasimama. Mimi nikasimama. Bashiri akampita ubavuni. "Siwezi, mwanangu! Shikamoo kwa wazee wako!"

Askari akashika bunduki. Mwalimu akamweleza upesi, kwa adabu, kwamba si ukaidi, ni ujinga. Askari akageuka kutazama: Bashiri amekumbatia mgunga mbele kule, anapiga kelele kwa miiba. Askari akacheka. Bahati yetu. Wiki iliyopita nilimwona mtu akichapwa kiboko kwa kuchelewa kuvua kofia.

Mchana, ugali wa uwele na mlenda kwa jamaa za Mwalimu. Wazee wangu wakabishana. Mwalimu ndiye mshenga, na haoni sababu ya mposaji kuwapo.

"Ulisikia wapi mposaji akamfuata mshenga nyuma kama ndama?"

"Nikikuacha peke yako utambatiza," akasema Bashiri.

Nikamuuliza kwa nini basi akamchagua Mkristo, mjini kumejaa Waislamu wenye ndimi nzuri. Hakufikiri hata kidogo. "Mwalimu amezoea kusema na watu wasiotaka kumsikia."

Jumatano, 12 Julai

Miiba. Kutwa nzima miiba. Mhariri apate jibu lake: njia ni nzuri, mpira ndio hauifai.

Maziwa mgando jioni. Usingizi mzuri.

Alhamisi, 13 Julai

Haneti. Mpira wa mbele wa Bashiri umekwisha. Hauzibiki, umepasuka ubavuni. Tumeujaza nyasi kavu na kuukaza kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Unakwenda, lakini unaruka kama chura, na kila unaporuka Bashiri anataja jina la Mungu.

 Baadaye aliketi juu ya kichuguu, baisikeli kando, akitazama milima.  Mwalimu akamwambia, kaka, mwanamke haposwi na magurudumu.

"Wewe hukuwapo," akasema Bashiri. "Alisema mbele ya wapagazi wote. Na yeye Stara alikuwa mlangoni, anasikia. Mimi nikajitwika pembe nikaenda zangu. Kwa miguu."

Nimempa baisikeli yangu. Yake nitaikokota mimi. Mimi siposi mtu. Hakusema ahsante, alikagua pampu tu. Lakini yangu ni ndefu: akikaa juu, hata ncha za vidole hazifiki chini. Leo tumetafuta kichuguu kirefu zaidi, na Mwalimu amemdaka mara mbili, mara ya pili wote wawili wakaanguka. Wamecheka mpaka Mwalimu akapoteza miwani. Nilikuwa nimeikalia. Nzima.

Ijumaa, 14 Julai

Chemba. Naandika nimeegemea ukuta wa nyumba ya tembe ya Stara, na mambo bado yanaendelea.

Mwalimu alitangulia, akapiga hodi, akakaribishwa mkekani barazani. Stara hana baba wala kaka tena, anajijibia mwenyewe. Mwanamke mrefu, mtulivu. Bashiri akapanda kwenye kichuguu cha mwisho nje ya kijiji, akaingia uani kofia imenyooka, wayo haujagusa ardhi. Kweli, alipendeza.

Ua umefagiwa. Hakuna mti. Hakuna kichuguu. Akaanza kuzunguka.

Stara alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kufika uani: "Baba alikataa mtu anayetembea. Hakuniambia nimpokee asiyejua kusimama."

"Nitasimama, Stara!"

"Lini?"

Alikuwa ameshapita. Jibu lilikuja mzunguko uliofuata. "Ukinijibu!"

"Shuka kwanza, nikujibu."

Niliinuka nimdake. "Mwandishi, kaa," akasema Stara. "Hukuitwa wewe." Mwalimu hawezi kuinuka: mshenga akiondoka mkekani kabla ya jibu, posa imevunjika. Nimekaa. Naandika, sina kazi nyingine.

Mbuzi wamejibanza pembeni. Kanzu ya Bashiri imelowa mgongoni. Bado anatabasamu, ila mwendo unapungua, na baisikeli inapopungua mwendo huanza kuyumba. Majirani wamejaa ukutani. Mama mmoja anauliza kama huyu bwana ana deni la mtu.

Stara ameingia ndani.  Mwalimu amefumba macho. Nadhani anaomba. Sijui anamwombea nani.

Bashiri ameuona mlango mtupu. Hatabasamu tena.

Stara ametoka. Anabingirisha kinu, kile kikubwa cha kutwangia. Amekifikisha katikati ya ua, amekipindua, kitako juu, kama kichuguu. Amekitikisa kuona kama kimetulia. Amekipangusa kwa upindo wa kanga, kama mtu anayemwandalia mgeni kiti. Sasa amesimama kando yake, mikono kiunoni, na Bashiri anakata kona ya banda la mbuzi, anayumba, amekiona, anakuja —