Babu Bohumír na Gia ya Pili

Lhota, Moravia
Jumapili, 19 Juni 2022

Mpendwa Shangazi Libuše,

Kabla hata sijakuamkia, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na limenielemea. Babu hakuwa dereva wa kifaru jeshini. Alikuwa mpishi. Mwezi wa Aprili alinituma kabatini nimchukulie kadi yake ya hospitali, kitabu chake cha jeshi kikaanguka, kikafunguka. Kimeandikwa kwa wino: kikosi cha vifaru, mpishi, miaka miwili. Nilikirudisha nikafunga kabati.

Shikamoo, Shangazi. Natumaini baridi ya huko Adelaide si kali na goti lako limepona. Sisi hatujambo. Mama anachuma cheri tangu Jumatano. Mimi nimefaulu mtihani wa kumaliza shule. Ule wa mdomo nilitetemeka sana, lakini nimefaulu.

Unajua Babu anavyosimulia. Kila Ijumaa pale baa kifaru chake huvuka mto, na kila mwaka mto huzidi kuwa mpana. Basi alipotimiza miaka sabini, Baba mdogo Radim akampa zawadi ya siku nzima kwenye machimbo ya zamani ya mawe, mahali watu wanapokwenda kuendesha vifaru na magari ya jeshi la zamani. Watu walipiga makofi. Babu aliikunja hati ya zawadi hiyo mara nne, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo akawa hali chakula vizuri.

Niliogopa, Shangazi. Wenzake wa baa nao walikuwa wanakuja. Wangegundua, wangemcheka mpaka kaburini. Kumwambia kwamba najua nisingeweza, maana ningemwaibisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo, badala ya kusoma jiografia, nilisoma jinsi kifaru cha T-55 kinavyoendeshwa.

Jana ndiyo tulikwenda. Baba mdogo Radim alianza na lori la magurudumu sita, akalizamisha matopeni mpaka likavutwa na trekta. Mzee Vávra, yule rafiki wa Babu wa baa, alimpigia kelele, “Radim, hilo ni lori, si nguruwe! Mbona umelilaza topeni?”

Mchana tulipewa mchuzi wa nyama kutoka jiko la jeshi, lile lenye magurudumu. Babu alionja kijiko kimoja akamwendea mpishi. “Kijana, vitunguu umeviharakisha. Kwa moto huu watu mia mbili utawalisha nini?”

“Wee Bohumír,” akasema Mzee Vávra, “dereva gani anajua kupikia watu mia mbili?”

Babu alilamba kijiko. “Dereva mwenye njaa,” akajibu. Watu wakacheka. Mimi nikainamia sahani yangu.

Kisha ikawa zamu ya kifaru. Mwalimu wa udereva wa pale machimboni, Bwana Šebesta, alimpandisha Babu juu ya chuma, karibu na tundu la dereva, akawatangazia wageni, “Leo tunaye dereva wa kifaru mwenyewe! Mzee, waeleze hawa raia. Tunaondoka kwa gia ya ngapi?”

Babu alitazama ndani ya lile tundu kama anayetazama kisima. Baba mdogo Radim alikuwa anarekodi kwa simu. Niliona sikio la Babu linakuwa jekundu.

“Ya pili!” nikasema. Sauti ilitoka kubwa hata waliokuwa kwenye foleni ya choo wakageuka. “Babu amenifundisha. Ya kwanza ni ya mlima mkali tu. Na ukitaka kwenda kushoto, unavuta fimbo ya usukani ya kushoto.”

“Lo! Kumbe Rozálie ana sauti,” akasema Baba mdogo.

Bwana Šebesta alinitazama mimi, akamtazama Babu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, “Umefunzwa vizuri, binti. Haya, mzee, ingia.”

Babu akaingia. Kifaru kiliruka mara moja, kikazima. Bwana Šebesta akasema kwa sauti kwamba klachi yake ina kiburi tangu majuzi. Mara ya pili kikaondoka. Kilizunguka machimbo mara tatu, nasi tumeng’ang’ania juu yake, na Babu, kichwa tu nje, alikuwa anapiga kelele za furaha kama mtoto. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Alishuka. Akanivuta kando. “Hayo nilikufundisha lini?”

“Zamani, Babu. Umesahau tu.”

Alinifuta tope shavuni kwa kidole gumba. “Nimezeeka,” akasema. “Nasahau mengi.” Leo amelala mpaka saa tatu asubuhi, na Mama hakuthubutu kumwamsha.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Baba mdogo Radim anasema lile lori lilikuwa bovu. Msalimie mumeo Colin, na umbusu mwanao Zora kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Babu atakupigia Jumapili ijayo. Mwulize kuhusu kifaru, umwache aseme mpaka achoke, maana safari hii atakuwa anasema kweli tupu: Babu ameendesha kifaru. Hayo mengine, Shangazi, nakuomba yafie kwako. Hata yeye asijue kwamba tunajua.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye daima,
Rozálie