Spidomita ya Mwalimu Nekesa

Ijumaa, 9 Juni 2006

Nimebadilisha oili ya pikapu tatu. Nimeosha breki za lori la mahindi. Nimeandika risiti nane kwa sababu mwandiko wa Barasa hausomeki. Barasa ndiye fundi mkuu hapa gereji. Mimi niko hapa mwaka wa tatu sasa, na kazi yangu bado ni oili, maji na kalamu.

Fomu ya mtihani wa ufundi, gredi ya tatu, imo mkobani tangu Jumatatu. Nimejaza sehemu yangu yote. Imebaki saini ya mwajiri kuthibitisha kwamba nimetengeneza gari mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Fomu zinapokelewa hapa Kitale mpaka Ijumaa ijayo, saa sita mchana. Bila cheti hicho nitabaki msichana wa gereji, na gereji nyingine yoyote itaniita hivyo hivyo.

Nimemwomba Baba Shiru, mwenye gereji. Akasema nimuulize Barasa. Nikamuuliza Barasa.

"Madam, wewe umetengeneza nini?"

Nimekasirika mpaka sasa. Swali lilikuwa la haki. Lakini ni yeye anayehakikisha sina jibu.

Jumatatu, 12 Juni

Limekuja gari la spoti. Jekundu, milango miwili, limeinama kama linatafuta kitu lilichoangusha. Mafundi wote walitoka chini ya magari kulitazama. Wakangoja kijana mwenye miwani ya jua ashuke. Akashuka mama wa miaka sitini na kitu, sketi ndefu, sweta, viatu vya shule.

Mwalimu Nekesa. Alikuwa mwalimu mkuu kule Bungoma, sasa amestaafu. Gari aliletewa na mwanawe anayefanya kazi ng'ambo. Anakuja Kitale kila wiki kumwona dada yake.

Shida: mshale wa spidomita unaruka, unaanguka kwenye sifuri, halafu unalala. Leo haukuamka kabisa. Ametoka Webuye akifuata trela la mbolea mpaka hapa, kwa sababu trela haliwezi kukimbia.

"Mwanangu aliniletea gari, hakuniletea kaburi," alimwambia Barasa. "Nataka kujua naenda mbio gani."

Barasa akamwambia ni kebo, kazi ya saa moja. Gari alilijaribu? Hapana. Alilala chini kuangalia? Hapana. Kila pikapu na kila matatu inayoingia hapa ina kebo inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye spidomita. Ikikatika, unaingiza nyingine. Kwa hiyo ni kebo.

Alifungua dashibodi saa nne. Saa nane dashibodi yote ilikuwa juu ya gunia, na kebo haikuonekana. Akasema Wajapani wameificha.

Nilikuwa nimesimama na kalamu yangu. Nilisema hakuna kebo. Nyuma ya ile saa ya spidomita kuna plagi ya nyaya tu. Kwenye giaboksi lazima kuna sensa, kifaa kinachohisi mwendo na kuutuma kwa umeme, na huenda imekufa.

"Ati sensa? Hii ni gari ama ni redio?"

Wakacheka wote. Mmoja akasema niachiwe nitafute stesheni ya habari.

Jumanne, 13 Juni

Barasa sasa anataka kushusha giaboksi nzima aione kebo inakoanzia. Siku mbili za kazi. Oili yote imwagwe. Na ikishashuka, kuna kila nafasi ya kuirudisha ikiwa na ugonjwa mpya.

Nilikwenda ofisini kwa Baba Shiru kabla sijapata muda wa kuogopa. Nikamwambia anipe asubuhi moja na lile gari. Nikishindwa, giaboksi ishuke.

Ni mtu wa maneno machache. Alitoka nje, akasimama katikati ya uwanja, akaongea kila mtu asikie. Nikilitengeneza, anatia saini fomu yangu. Nikishindwa, naacha spana kabisa, nakwenda dukani kwake kuuza taa na plagi. Na nisimletee fomu tena.

Barasa akasema, "Duka litapata mtu wa kusoma lebo."

Nimekubali mbele yao wote. Halafu nikarudi kwenye risiti zangu. 

Jumatano, 14 Juni

Naandika kwa mpangilio kama nilivyofanya.

Kwanza nilirudisha saa kwenye plagi yake. Nikainua gari kwa jeki, nikaweka vigingi vya kulishikilia, nikaingia chini. Sensa iko ubavuni mwa giaboksi, imeshikwa na bolti moja, namba kumi. Imetoka kwa dakika tano. Ni kitu cha kulingana na kidole gumba, kina gia ndogo ya plastiki mbele na nyaya tatu nyuma.

Nikawasha swichi bila kuwasha injini. Nikaizungusha ile gia kwa vidole. Mshale haukusogea.

Hapo Barasa alisema, "Si nilisema."

Bado. Nyaya tatu: mmoja wa kuleta umeme, mmoja wa kuurudisha kwenye bodi ya gari, mmoja wa kupeleka habari kwenye saa. Nikapima wa kwanza kwa taa ya kupimia. Umeme upo. Wa pili uko sawa. Halafu nikachukua ule wa tatu na kuugusisha kwenye chuma cha gari, nikigusa na kuachia, kugusa na kuachia, haraka haraka. Nikapiga kelele mtu atazame saa.

 Halafu Baba Shiru mwenyewe, kichwa kikiwa dirishani mwa gari: "Inaruka! Mshale unaruka!"

Kwa hiyo saa ni nzima. Nyaya ni nzima. Kilichokufa ni sensa. Nilitoka chini nikiwa na matope mgongoni na sikuyapangusa.

Barasa akasema naweza kuchoma mitambo yote nikicheza na nyaya hivyo. Labda. Lakini mshale aliuona.

Hapa Kitale sensa haipo. Nimezunguka maduka yote ya spea. Mwalimu Nekesa, anayengojea gari kwa dada yake, anasema nyuma ya soko la Bungoma kuna yadi ya magari yaliyogongwa. Kesho naenda.

Alhamisi, 15 Juni

Bungoma saa tatu na nusu. Yadi ina magari kama arobaini, mengine yameota majani kitini. Nikatafuta kwa safu. Gari la saba, safu ya mwisho: spoti kama la Mwalimu, rangi ya fedha, uso umepondeka.

Muuzaji alikuwa ameketi juu ya injini akimenya ndizi. Alinitazama kwanza, akatazama nyuma yangu.

"Bwana yako yuko wapi aje aseme anataka nini?"

Nikamwambia anipe spana namba kumi na aendelee na ndizi yake. Akacheka, akanipa.

Sensa nimeitoa mwenyewe. Nikailinganisha na ile mbovu: nyaya tatu, plagi ileile, urefu uleule, tundu la bolti palepale. Nikauliza kama gari lilikuwa sawasawa na la kwetu. "Hizi zote ni ndugu, dada."

Nimerudi Kitale saa nane. Nikaifunga. Mpira mpya wa kuzuia oili. Tukainua magurudumu, gari likawashwa, likatiwa gia. Mshale ukapanda taratibu kama jua. Ishirini. Arobaini. Sitini. Ukatulia hapo.

Mafundi wakapiga makofi. Wengine kwa kejeli, lakini makofi ni makofi. Barasa akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Baba Shiru akasema kesho asubuhi Mwalimu aende kulijaribu barabarani, na akirudi, yeye Baba Shiru anatia saini. Ofisi ya fomu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nimefurahi. Naandika neno hilo peke yake. Nimefurahi.

Ijumaa, 16 Juni

Naandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Saa tatu tulitoka na Mwalimu kwa barabara ya Webuye. Yeye usukani, mimi kando na saa ya mkononi. Hakuna aliyeniagiza kupima. Mshale ulikuwa unapanda na kushuka vizuri, ingetosha. Lakini kando ya barabara ile kuna mawe ya kilomita, na mimi siwezi kupita karibu na kitu cha kupimia bila kupima. Ukienda sitini bila kubadilisha, kutoka jiwe hadi jiwe ni dakika moja kamili. Nikamwomba ashikilie sitini.

Sekunde hamsini na tatu.

Nikafikiri nimekosea. Tukarudia. Hamsini na nne. Tukarudia tena. Hamsini na tatu.

Saa inasema sitini, gari linakwenda karibu sitini na nane. Ikisema mia, yeye yuko mia na zaidi ya kumi. Mama wa sketi ndefu anayetaka kujua anaenda mbio gani.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. Nikamwambia turudi.

Njiani nilijua ninachoweza kufanya. Ilikuwa saa nne kasoro. Hakuna mwingine aliyejua. Ningenyamaza mpaka saa sita, nipate saini, nipeleke fomu, halafu mchana niseme nimegundua kitu. Saa mbili tu za kunyamaza. Nilihesabu mara tatu jinsi nilivyohesabu yale mawe.

Lakini ile fomu inasema nimetengeneza gari. Sikuwa nimetengeneza.

Baba Shiru alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi. Kweli alikuwa ameitoa. Nikasema mbele ya wote kwamba spidomita inadanganya, na kosa ni langu.

Barasa alikuwa na furaha kama mtu wa arusi. "Sasa hiyo sensa ya Madam imesoma mpaka shule gani?" Halafu akasema Mwalimu achukue gari lake tu, mshale si unatembea? Nani hapa Kitale anapima kwa mawe?

"Mimi," nikasema.

Mwalimu Nekesa alimtazama Barasa kama mtoto aliyechelewa paredi ya shule. "Na mimi ndiye nalipa. Wacha afanye."

Baba Shiru akarudisha kalamu mfukoni. "Tengeneza kwanza."

Saa nne na nusu.

Nikaangalia magurudumu kwanza, maana Barasa alishaanza kuyasingizia. Saizi ni ileile iliyoandikwa mlangoni mwa gari. Nikaingia chini, nikatoa sensa, nikaiweka mezani kando ya ile mbovu. Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya jana palepale yadini. Nikahesabu meno ya zile gia ndogo. Ya zamani: thelathini na mawili. Ya Bungoma: thelathini na sita. Meno yakizidi, gia inazunguka polepole, na saa inasoma pungufu. Lile gari la rangi ya fedha lazima lilikuwa la gia za kujiendesha. La Mwalimu ni la gia za mkono. Ndugu, ndiyo, lakini si mapacha. Nilihesabu nyaya, nikapima urefu, sikuhesabu meno. Ujinga wangu, si wa mtu mwingine.

Gia ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Imeshikwa na pini. Pini ilikuwa imeshika kutu na plastiki ingepasuka kama ningeivuta kwa hasira. Nikailoweka mafuta ya taa. Nikangoja. Nikasikia redio ya ofisini ikisema saa sita. Hakuna aliyeniangalia usoni. Nikaendelea kungoja.

Pini ilitoka saa saba. Gia ya zamani kwenye sensa mpya, mpira, bolti, plagi. Saa tisa tukarudi barabarani, mvua imeanza. Sitini. Sekunde sitini. Tena: sitini. Tena: sitini na moja, lakini kulikuwa na ng'ombe.

Mwalimu alisimamisha gari kando. Akaniuliza fomu ile ilikuwa ya nini, maana amesikia mafundi wakiitaja. Nikamwambia. Akatazama vifuta mvua vikienda na kurudi.

"Ungeniambia asubuhi, ningekungoja mpaka mchana, fomu itangulie."

"Na saini ingethibitisha nini, Mwalimu?"

 Akatia gia.

Baba Shiru alitia saini saa kumi na robo. Pale pa maelezo aliandika kwa mkono wake: ametengeneza mwenyewe. Tarehe ni ya leo. Ofisi ya fomu ilishafunga. Mtihani mwingine ni mwisho wa mwaka.

Jumamosi, 17 Juni

Nusu siku. Imeletwa pikapu mpya mpya, spidomita imekufa. Barasa alilala chini, akakaa huko kitambo. Akatoka.

"Njeri." Si Madam. "Ule waya wa tatu, ulikuwa unaugusisha wapi?"

Nilifikiria kumwambia atafute stesheni ya habari. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikaingia chini, nikamwonyesha. Alitaka kurudia mwenyewe, akarudia. Hakusema asante. Sikuhitaji.

Kabla ya kufunga aliniwekea kazi ya Jumatatu kwenye ubao. Breki za lori, zote nne. Hakuandika jina la mtu mwingine kando ya langu.

Jumapili, 18 Juni

Kanisani asubuhi. Mvua mchana. Baba yangu ameuliza kama fomu imekwenda. Nikamwambia haikwenda, na nikamwambia kwa nini.  Halafu akasema mahindi ya kando ya mto yanahitaji mbolea, akatoka kuyaangalia na mvua yote hiyo.

Fomu nimeiweka ndani ya daftari hili isikunjike. Saini haiozi.

Nimejaribu kujuta. Nimekaa kitandani nikajaribu kwa bidii, nikifikiria miezi sita. Imenishinda.

Kucha bado zina grisi. Naona zitakaa hivyo.