Mama Alivyosoma Kimya

Jumatatu, 3 Machi
Leo mama kaniaibisha maktabani. Anasomea uuguzi, darasa moja nami, na kimya hakijui — husoma kwa mdomo. Alikuwa anataja mifupa ya kiganja, mmoja mmoja, huku anagonga vidole mezani. Meza ya nyuma wakacheka. Wameshampa jina: Redio. Mtu wa miaka arobaini na minne. Na mimi nikajifanya natafuta kitabu rafuni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia. Mama, chuoni watu wanasoma kwa macho, ukipayuka unaonekana mshamba. Akaniangalia kidogo.
"Kumbe. Basi nifundishe."
Nikampa kalamu yangu ya njano, ya kupaka kwenye mistari muhimu. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumanne, 8 Aprili
Nyumba imepoa. Zamani akifua, dozi za dawa zilisikika mpaka kwa jirani. Sasa anakaa kitini, mgongo wima, midomo kaibana. Kitabu kizima kimegeuka njano. Nikamuuliza kama kinaingia.
"Kuingia kinaingia. Kukaa ndiyo kinakataa."
Tukacheka. Mimi zaidi.

Jumatano, 23 Aprili
Matokeo yamebandikwa. Mimi sitini na nane. Mama thelathini na moja.

Mkufunzi wa anatomia kaniita pembeni. Muhula uliopita mama yako alikuwa wa tatu darasani, akasema. Kuna watu mpaka wasikie sauti yao wenyewe ndipo somo linashika, na yeye ni mmoja wao. Amebadilisha nini?
Nikasema sijui.
Nimesema sijui.

Ijumaa, 25 Aprili
Nimekiri. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya zamani, ile ya kufanyia usafi wodini. Nikasema mama, kosa ni langu, nilikuonea aibu. Soma kwa sauti, soma hata barabarani, atakayecheka acheke.
Pasi haikusimama.
"Nilijua siku ile ile. Mtoto nimemzaa mwenyewe, hata mgongo wake nausoma."
Sasa mbona ulinifuata?
"Si wewe ndiye unayejua kusoma?"
Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 27 Aprili
Kaleta fomu ya kujiondoa chuoni. Wodini nafasi yake bado ipo, kesho anarudi kushika ufagio. Nimemsihi tangu asubuhi — kuna mtihani wa marudio, wiki sita, nitakaa naye kila siku, nitamsikiliza. Anasema nisijisumbue, nina yangu ya kusoma. Anataka nimjazie mimi, eti mwandiko wangu mzuri.

Jina nimeandika. Namba ya usajili nimeandika. Sasa nimefika hapa: Sababu ya kuacha masomo.
Nikamuuliza niandike nini.
"Andika kichwa kimezeeka."
Nikamwambia si kweli, mama.
"Wewe andika tu." Akatoka kuanua nguo.

Mstari wenyewe mfupi. Ananiuliza toka uani kama nimeshamaliza.