Waffle za Babu Arvo na Swali la Mara Tatu

Barabara ya Heinola,
Michigan ya Juu.
Tarehe 9 Februari.

Mpendwa mpwa wangu Tessa,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Guam, na kwamba hao wakubwa wako wa jeshi la wanamaji wanakupa nafasi ya kulala. Mimi sijambo, ila mgongo unanisema baada ya kuzoa theluji ya paa. Mwaka huu imeshuka hadi juzi nilitokea dirisha la ghorofani na kutembea moja kwa moja mpaka kwenye sauna kuoga mvuke. Mama yako atasema natia chumvi. Dada yangu Darlene anaishi Detroit, theluji ataijulia wapi?

Bibi yako Lempi anakusalimu sana. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini na kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la kumi, kwa hiyo soma polepole na unisamehe mwandiko.

Tangu tumzike Babu Arvo mwezi wa kumi na moja, Bibi alikuwa hataki kula. Kahawa alikunywa, chakula hakukigusa. Krismasi ilipofika alikuwa na ratili tisini na saba, na daktari akasema akishuka chini ya tisini na tano hataweza kuachwa nyumbani. Mama yako naye akapiga simu kwamba ameshaona chumba kwenye nyumba ya wazee kule mjini, kina dirisha zuri. Mimi nikasema hilo dirisha mpe mtu mwingine. Siku hiyo hiyo nikafunga nguo zangu, nikahamia kwa Bibi.

Nilipofika nikamwambia: "Mama, wewe kaa kitini, nyanyua miguu. Jiko sasa ni langu." Nilijiona mwana mwema.

Nikafungua friza kubwa ya gereji. Tessa, maboksi arobaini ya waffle, vile vikate bapa vya vishimo vishimo, vya kugandishwa. Unakumbuka Bibi alivyozichukia? Aliziita kadibodi. Lakini vidole vyake vilipokakamaa akashindwa kunyanyua kile chuma chake kizito cha kupikia waffle, Babu akaanza kumletea za friza, anazichoma mwenyewe kwenye tosta kila asubuhi. Yaelekea mara ya mwisho alikuta zimeshushwa bei, akanunua kama mtu anayejiandaa kwa vita.

Basi nikasema, kama ni hizi Mungu alizoacha, nitazipika mpaka zisahau zilikotoka. Na mpwa wangu, unajua nikishika jambo.

Ya kwanza niliweka mbili kama mkate, katikati soseji ya kulungu na yai ambalo kiini hakijaganda. Harufu ilifika kanisani. Mchungaji alipita kumwombea Bibi, akala nne, akasahau sala. Ya pili nilijaza matunda ya bluberi kila kishimo, moja moja, kama mtu anayebandika vito. Ya tatu nikapaka krimu na samaki wa moshi kutoka ziwani. Halafu nikakata vipande, nikakaanga kwa siagi, sukari na iliki, ile ya mkate wetu wa kunywea kahawa. Nyingine nikatia nyanya na jibini nikaiita pitsa. Na Jumamosi nikafunga waffle kwenye karatasi ya foili, nikaziweka juu ya mawe ya moto ya sauna kama tufanyavyo soseji, zikatoka laini ndani na kavu nje, nikajua nimegundua kitu ambacho babu zetu Wafini hawakukigundua kwa miaka elfu mbili.

Kila sahani nilimpelekea Bibi kwenye kiti chake cha dirishani. Nauliza, utakula? Yeye anasema hapana asante, Dale, sina njaa. Nami si mtu wa kulazimisha watu, nachukua sahani, narudi jikoni, nakula mwenyewe ili isiharibike. Alichopunguza yeye nikakiongeza mimi. Suruali ya kanisani haifungi tena.

Katikati ya Januari mizani ilisema tisini na tano na nusu. Sikumwambia mama yako. Nilikwenda gerejani nikakaa juu ya ile friza muda mrefu, nikijifanya natafuta kitu.

Kesho yake akaja Hilma Ruona, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, na soksi alizomfumia Bibi. Nikamkaribisha kahawa na waffle ya iliki. Akasema amekunywa nyumbani. Nikamkaribisha tena, akasema nisijisumbue. Nikamkaribisha mara ya tatu, akasema basi, kikombe nusu, na hicho kipande kidogo. Akala vipande vitano. Yote ya kawaida. Sisi huku nani hukubali kabla ya mara ya tatu? Ni mlafi tu.

Hilma alipoondoka Bibi alikuwa ananitazama.

"Hilma umemwuliza mara tatu," akasema.

"Hilma ni mgeni, Mama."

"Na mimi? Jiko lako. Sahani unaleta wewe, unaondoa wewe. Humu ndani mgeni ni nani?" Akavuta blanketi. "Baba yako aliniuliza mara tatu kila asubuhi. Miaka hamsini na sita. Wewe ukiambiwa hapana unakimbia na sahani kama mbwa aliyeiba."

 

Nikaenda jikoni. Sikutia iliki, sikutia samaki, sikutia ufundi wowote. Nilichoma waffle moja kwenye tosta, nikapaka siagi, nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Nikamwuliza kama atakula. Hapana, asante. Mikono yangu ilitaka kuondoa sahani, nikaikalia. Nikasema siagi inayeyuka. Akasema nisijisumbue kwa ajili yake. Mara ya tatu nikamsogezea uma.

"Mama, kula na mimi."

Akaangalia nje. "Basi. Nusu tu."

Nikakata. Akachovya kwenye kahawa kama alivyofanya Babu, akala nusu yake mpaka chembe ya mwisho. Nusu iliyobaki nayo nikamwuliza mara tatu. Waffle moja ilituchukua dakika arobaini, na sijawahi kufanya kazi nzuri zaidi, hata ile siku nilipovua samaki mkubwa kuliko mtumbwi.

Kisha akainuka, akatoa tosta kwenye kona nilikoiweka, akairudisha dirishani ilipokuwa wakati wa Babu. Akasema nachoma kwa moto mwingi mno. Sasa jiko ni lake tena, mimi ni wa kuuliza tu. Ile ya sauna aliila moja na nusu, ingawa alisema soseji ni bora. Alhamisi mizani ilisema tisini na tisa. Mama yako nimemwambia hiyo.

Sasa neno moja. Babu alipofariki nilikupigia, nikasema uje. Ukasema ni mbali, tusijisumbue kwa ajili yako. Nikasema sawa, nikakata simu. Nilikimbia na sahani, Tessa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Hii ni ya pili: kiangazi kikifika, uje nyumbani. Sauna nitaiwasha mimi, na nimekutengea maboksi mawili chini kabisa ya friza, mchungaji asiyaone.

Hilma anakusalimu, na mchungaji, na mbwa wa Hilma ambaye sasa anakula waffle tu. Mungu akutunze juu ya maji na nchi kavu, akurejeshe na hamu ya kula.

Mimi mjomba wako nikupendaye hata nisipojua kulisema,
Dale Lahti

Bibi ameomba kalamu. Vidole vinamsumbua, kwa hiyo ameandika kidogo:

Tessa, utakuja?