Tafsiri ya Wimbo wa Bwana Cornel

Ofisi ya Tarafa,
13 Julai 1975

Mdogo wangu Ngassa,

Kabla hujaendelea, toka humo ndani, nenda zizini kwenye ng'ombe, na ukimaliza kusoma uichome barua hii. Usimsomee dada yetu Mbuke. Usimsomee mama hata akikubembeleza. Neno moja likivuja, mimi sina kazi na wewe unalala rumande.

Mimi mzima, ni vumbi tu linalonikaba kifua. Nadhani nanyi hamjambo, na kikohozi cha mama kimepungua.

Sasa niambie, siku ya Saba Saba ulikunywa nini? Mila naijua. Ngoma ikichezwa, kundi la Bagika huwatukana wapinzani wao Bagalu na Bagalu huwatukana Bagika, na manju akishafunga njuga miguuni anaweza kumwimba hata mtemi. Watemi walicheka, wakatoa ng'ombe. Lakini watemi wamekwisha. Sasa tuna makatibu tarafa, na ngozi zao ni nyembamba kuliko karatasi ya sigara.

Umeponea jambo moja: Bwana Cornel, katibu tarafa wetu, amekaa kwetu miaka mitatu na Kisukuma hajajifunza hata salamu. Alisikia jina lake, akaona watu wanacheka, akajua anasifiwa. Ndiyo maana alikubandika noti kwenye paji la uso. Katuza matusi yake mwenyewe, mjinga yule!

Kesho yake akaniita. "Telesphori, vijana wa kwenu wamenitaja mara tatu."

"Ndiyo, mzee."

"Mara tatu! Mkuu wa wilaya hawakumtaja hata mara moja. Niandikie maneno yale kwa Kiswahili, niyapeleke mkoani. Wananchi wananipenda, Telesphori."

"Sana, mzee."

Ningeandika nini? Wewe uliimba kwamba ametuhamishia kwenye ardhi ya kichanga akasema uhuru uko hapa, kwamba maji yako maili tano naye anaoga mara mbili kwa ndoo za watoto wetu, kwamba tumbo lake hufika mkutanoni kabla yake. Mimi nimeandika kwamba ametuleta mahali pema penye uhuru, kwamba maji yanatufuata mpaka mlangoni, na kwamba tumbo lake limejaa huruma kwa watoto wetu.

Wimbo huo usiuimbe tena. Nakuamuru.

Kaka yako,
Telesphori

*

Kijiji Kipya, Kagongwa,
21 Julai 1975

Kaka Telesphori,

Shikamoo. Huku tunapumua. Mama anakohoa vilevile, Mbuke anakusalimu na hajui lolote. Barua yako nimeichoma. Imechemsha chai ya mama, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana uliyoifanyia nyumba hii tangu uajiriwe.

Nimecheka mpaka Kamili, mpiga ngoma wangu, akadhani nimerogwa. Tumbo limejaa huruma! Kaka, padri alikufundisha Kilatini miaka sita ili uje kuyapaka mafuta matumbo ya watu?

Unaniamuru. Kwa cheo gani? Darasani walituimbisha uhuru kila asubuhi, tukiwa na njaa, mwalimu ameshika fimbo. Nilidhani neno lile lina kitu ndani yake. Tulipovunjiwa nyumba mwaka jana, mzee Ngeleja aliuliza swali moja tu, maji yako wapi, wakamlaza kituoni siku mbili. Basi mkutanoni hakuna kusema. Ofisini mwenu hakuna kusema, nyinyi mnasema "sana, mzee". Umebaki uwanja wa ngoma, nao unataka niupige kufuli?

Bagalu wenyewe wanakiri mwaka huu Bagika wana manju. Watu walihama upande wao wote wakaja kwetu. Wimbo siuachi.

Mdogo wako,
Ngassa

*

Ofisi ya Tarafa,
10 Agosti 1975

Ngassa mdogo wangu,

Habari za hapo? Mama anaendeleaje? Mimi silali, na chakula kinanishinda.

Ule upuuzi wangu umependwa mkoani. Jumamosi ya tarehe 23 anakuja Bwana Mageni, mkubwa kutoka mkoani, kufungua ghala la pamba hapo kijijini, na ameomba kikundi chenu kiimbe "wimbo ule mzuri". Kwanza mimi nisome tafsiri kwenye kipaza sauti, kisha wewe uimbe. Bwana Cornel ameshashonesha suti.

Bwana Mageni ni Msukuma, Ngassa. Kazaliwa hukohuko karibu na Shinyanga.

Kwa hiyo nimekutungia maneno mapya ya Kisukuma yanayolingana na niliyoyaandika. Nimeyaambatanisha, Anisia muuza maandazi atakuletea. Mapigo ni yaleyale. Yakariri. Sikuombi uyapende. Unajifanya shujaa mbele ya wasichana waliopakwa mafuta ya samli, lakini siku ukifungwa hao hawatamletea mama hata kikombe cha uji. Imba mara moja tu, watu wapige makofi, sote turudi nyumbani.

Nakupigia magoti, mimi mkubwa wako.

Kaka yako,
Telesphori

*

Kijiji Kipya, Kagongwa,
17 Agosti 1975

Kaka,

Shikamoo. Tunaendelea, na mama anakula vizuri.

Maneno yako nimewasomea wenzangu. Kamili aliuliza kama ni tangazo la mazishi. Manju akiimba alichoandikiwa na ofisi, anavua njuga, anakwenda kuchunga mbuzi.

Nitaimba wimbo wangu. Wewe una siku sita. Sema koo limekauka, au panda kitandani uumwe. Au soma maneno ya kweli kwa Kiswahili chako kizuri, tusimame wawili. Hilo ningelipenda, lakini nakujua.

Mdogo wako,
Ngassa

*

14 Septemba 1975

Ngassa,

Salamu. Nimepona malaria. Mwambie mama niko hai, usimwambie niko wapi.

Ulikuwepo, kwa hiyo sikuelezi jinsi nilivyosoma. Nilifika kwenye maji yanayotufuata mlangoni, wanawake wakaanza kucheka, mmoja akapaza sauti, "Karani, hayo maji yamepotea njia!" Niliendelea kusoma. Ningeweza kunyamaza. Nilisoma mpaka mwisho, hata nukta nilizipumzikia.

Kisha ukaimba. Nilimtazama Bwana Mageni akiinama, leso machoni, mabega yakitikisika. Bwana Cornel, alipoona mkubwa anacheka, akacheka zaidi. Nawe ukaongeza ubeti ambao sikuutarajia: kaka yangu amemeza shule nzima, kilichomtoka ni woga. Uwanja mzima uliitikia. Hata Mbuke.

Ambacho hukukiona kilitokea nyuma ya ghala, ulipokwisha kutuzwa. Mimi nilikuwa nimejificha kati ya magunia. Bwana Mageni alisema, "Baba yangu alikuwa manju. Kwetu manju hafungwi. Umeelewa wimbo, Bwana Cornel?"

"Kila neno, mzee!"

Basi akamtafsiria mwenyewe, polepole, ubeti kwa ubeti, mpaka kwenye tumbo. Wewe Bwana Cornel hakuweza kukugusa, umetuzwa na mkubwa mbele ya watu. Akauliza jambo moja tu: "Telesphori yuko wapi?" Nilitoka kwa mlango wa nyuma, pamba imejaa kichwani.

Usijidai sana. Huo si uhuru wa kusema. Umeachwa kwa kuwa mtu mmoja alicheka. Angeamka na maumivu ya jino, leo ungekuwa unalima shamba la gereza. Wewe na Kamili mnadhani mmeshinda, kumbe mmebahatika. Lakini nawadharau bila raha, kwa sababu wewe uliimba kwa koo tupu, na kipaza sauti nilikuwa nacho mimi.

Ukitaka kunipata, usiandike kwa posta. Siku ya mnada panda lori la pamba mpaka Masumbwe, umtafute Gregory anayeziba pancha za baiskeli. Usitaje Telesphori. Mwambie unamtafuta Karani, atakuonyesha njia ya machimboni. Utatembea kutwa. Jioni wachimbaji huketi wakiponda mawe na kuimba wimbo wako, nao umefika huku kabla yangu, pamoja na ubeti ule wa mwisho. Hawajui ni mimi. Watazame wakati wa kuitikia. Anayefungua mdomo bila kutoa sauti ndiye kaka yako.

Telesphori