Mkwe Niliyemkana kwenye Barabara ya Makangale

Mpendwa mkwe wangu Zuhura,

Nilikukosea. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka. Nitakuuliza habari za mvua huko Pemba, nitakueleza habari za chai na migomba ya hapa Kinyala, na karatasi itaisha kabla sijasema. Nilikukosea njiani, mbele ya mtu. Ndiyo maana nimemwomba Lusajo, mume wako, aiweke barua hii pale anapowekaga picha za safari zake, kila mmoja aione. Nilikukana barabarani, haifai nikuombe radhi chumbani.

Nimejaribu kuiandika tangu masika. Nakaa, nainuka. Naenda kumwangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote, halafu narudi. Juzi Mama Lusajo akanitazama weee, akasema, "Baba Lusajo, hicho kiti kina siafu?"

Kiti hakina siafu. Ni zile karafuu. Mfuko ule uliompa Lusajo aniwekee kwenye begi nikiwa naondoka, akaniambia, "Zuhura kasema mpelekee mama, atie kwenye chai." Mpelekee mama. Mimi hukunitaja, na ulikuwa na haki. Basi mama anatia. Chai ikichemka nyumba nzima inanukia ile mikeka ya kuanikia karafuu kando ya barabara kwenu, na mimi natoka nje, hata kama kuna mvua, na huku mvua haina adabu. Nasimama chini ya migomba mpaka niitwe.

Wewe unakumbuka bandarini Mkoani? Mimi nakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Nimeshuka kwenye boti, tumbo halijarudi mahali pake, begi jipya mgongoni. Begi lile nililinunua Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya hapa Tukuyu, kwa sababu Lusajo alinipigia simu akasema, "Baba, usije na sanduku. Tutatembea kwa miguu kisiwa chote, kijiji hadi kijiji, begi mgongoni, kama ninavyowatembeza wazungu wangu." Nikacheka sana. Mimi nimebeba mikungu ya ndizi kichwani kupanda na kushuka milima hii tangu utoto, leo nitembee kwa starehe? Lakini nilikuja. Nilitaka kumwona mwanangu anaishije. Na wewe nilitaka kukuona, ingawa sikusema.

Ukaja mbio, mtandio unapepea, unacheka. "Shikamoo baba! Karibu Pemba!" Ukanyoosha mikono yako miwili uushike wangu uubusu, kama mnavyowafanyia wazee wenu. Na mimi nikakamata mikanda ya begi langu, huku na huku, nikaishika kama mtu anayeogopa kuibiwa, nikasema "Marahaba" nikiangalia meli.

Kwenu heshima ni kuushika mkono wa mzee. Kwetu, kati ya baba na mke wa mwanawe, heshima ni kutougusa kabisa. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mke anaingia migombani anasubiri mzee apite. Mama Lusajo aliishi hivyo na marehemu baba yangu. Vijana wa mjini wameanza kuacha, lakini mimi ni mtu wa Kinyala, nililelewa hivyo.

Hayo ungeambiwa ungeyaelewa. Hakuna aliyekwambia. Lusajo alisema tu, "Baba ni mtu wa zamani, atazoea." Na mimi sikufungua mdomo.

Tukatembea. Mkoani kuja Chake, Chake kwenda Wete, vijiji ambavyo saa sita mchana husikii kitu isipokuwa kuku na redio moja mbali. Lusajo anaongoza, wewe katikati, mimi nyuma, na mikono kwenye mikanda. Ukipunguza mwendo, napunguza. Ukikaa kupumzika, nasimama kule mbali nainama najifanya nafunga kamba za viatu, mpaka siku moja ukapaza sauti, "Baba, viatu vyako vina kamba ndefu ajabu!" Lusajo akacheka. Nilitaka kucheka na mimi, nikajibana.

Nilikuwa situlii, Zuhura. Kwetu ukitoka nje asubuhi unautazama mlima Rungwe, unajua uko wapi. Kwenu vilima vidogo vidogo, unapanda kimoja unaona bahari, unashuka, unapanda kingine, bahari tena, upande mwingine. Kila mara nageuka nyuma kutafuta mlima ambao haupo. Tukifika mahali nataka tuondoke. Tukiondoka nataka tufike.

Pale Wete kwa shangazi yako, sinia moja limewekwa katikati, wali na pweza, watu wote wamekaa. Nikachukua sahani nikasema ndani kuna joto, nikaenda kula uani. Nikamsikia shangazi, "Haya, baba wa watu leo anakula na kuku." Ukacheka, lakini kicheko chako kilikatika mapema. Nilikisikia kinakatika.

Baada ya pale ukaanza kitu ambacho sijamwambia mtu. Ukimenya chungwa, langu unaliweka juu ya jani, kwenye ukuta au kwenye gogo, halafu unasogea mbele. Husemi. Mimi napita nachukua. Maji hivyo hivyo. Ulikuwa umeanza kuishika mila yangu bila kufundishwa, kwa kuniangalia tu. Na mimi, badala ya kukushukuru, nilikula machungwa yako kama haki yangu.

Sasa nikwambie lililo chini kabisa. Mila ni kweli, lakini haikuwa mila peke yake. Nilikuwa na kinyongo. Lusajo alikuoa huko huko, mimi nikapata habari kwa simu. Hakuna mzee wa kwetu aliyetumwa kwa baba yako, hakuna ng'ombe aliyetoka zizini kwangu. Nikienda kusaga mahindi wenzangu wananiuliza, "Vipi, mkwe wako wa baharini anajua kupika kande?" Nikaumia. Halafu nikafika kwenu nikakuta mila imenipa mahali pazuri pa kujificha. Nikikunyima mkono, naonekana mtu wa heshima. Watu hapa wamesema nilikukataa kwa sababu ya dini, na najua hata wewe uliwaza hivyo. Siyo dini. Kilikuwa kiburi changu, nilikivalisha koti la wazee.

Tukafika ile barabara ya kutoka Konde kwenda Makangale. Tumeshatoka kwenye msitu, jua kali, Lusajo ametangulia kuangalia nyumba ya kulala. Nikakuona unashika mti. Halafu ukakaa chini vumbini.

"Baba," uliita.

Nikasimama.

"Baba, maji."

Chupa ilikuwa kwangu. Nilisogea, nikaiweka juu ya jiwe, kama wewe ulivyokuwa ukiniwekea machungwa, nikarudi nyuma nikageuka kukupa mgongo. Nikasubiri uifuate. Sikusikia hatua. Nilijua huwezi kuifikia, Zuhura. Nilijua na nikaendelea kuangalia mikarafuu.

Yule mama aliyekuwa anageuza karafuu zake kwenye mkeka ng'ambo ya barabara akainuka.

"We baba! Mwana huyu wako?"

Nikasema, "Hapana. Mimi niko na mwanangu, ametangulia."

"Na huyu?"

"Huyu ni wa huku huku."

Alinitazama juu mpaka chini. Akasema, "Haya. Wa huku tutamchukua wenyewe."

Akaichukua chupa kwenye jiwe, akakulaza kichwa mapajani kwake, akakunawisha uso. Na wewe ukafumbua macho ukaniangalia. Siku zote zile za kutembea, hiyo ndiyo mara ya kwanza nakuona macho. Hukulia. Lusajo aliporudi mbio ulimwambia kitu kimoja tu, "Nirudishe kwa mama." Hukunishtaki. Ungenishtaki ningepumua.

Nilirudi Kinyala nikamsimulia mke wangu safari. Nikamweleza boti, msitu, pweza. Na hilo la barabarani nikalisimulia nikijisifu kidogo, kwamba hata ugenini nilishika heshima. Alikuwa anapukuchua maharage. Akaacha.

"Umesema alianguka?"

"Alikaa chini."

"Na wewe ukampa mgongo."

"Sasa ningefanyaje, Mama Lusajo? Mkwe yule!"

"Yule binti ana mimba, wewe mwanaume! Walitaka kukwambia mkifika kule mwisho, kwenye mnara wa taa. Lusajo kanipigia jana." Akasukuma ungo pembeni. "Hivi, Lusajo alizaliwaje?"

Nilijua alizaliwaje. Mimi nilikuwa Mbeya kwenye kibarua. Uchungu ulimshika mama yake mvua inanyesha, njia imegeuka tope, nyumbani hakuna mtu isipokuwa baba yangu. Mzee ambaye hakuwa amewahi kumtazama uso. Mzee akachukua koti lake akamfunika kichwa, akamkalisha kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka hospitali Tukuyu. Njia nzima anamwambia, "Usinitazame, na mimi sikutazami. Lakini shika bega." Mama yake alipotoka hospitali na mtoto, mzee akachinja kuku, akaita ndugu, akampa mkono mbele yao, yakaisha. Toka siku hiyo wakawa wanasalimiana na kutaniana kama baba na binti.

Nilikuwepo siku ya kuku huyo. Nilikula paja. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mila yetu ina mlango, na baba yangu alinionyesha ulipo, na mimi nikasimama juani Makangale nikijifanya ni ukuta mtupu.

Mama Lusajo akaniuliza swali la mwisho, kisha akarudi kwenye maharage yake. "Ulikwenda kuona bahari, au ulikwenda kuonyesha mgongo?"

Sasa mtoto amezaliwa. Nilimwona kidogo, kwenye simu ya mama yake Lusajo. Nilisogea nyuma ya kiti taratibu, nikaona shavu na mkono mmoja, halafu wewe ukaniona, ukaigeuza simu. Nikaona dari. Nikabaki naangalia dari yenu mpaka mlipomaliza kuongea. Na nilikusikia ulichomwambia mama: "Mama, wewe njoo hata kesho. Lakini mwanangu hapelekwi kwa mtu aliyesema mimi ni wa huku."

Sikulaumu. Mtoto ni wako, na mimi ndiye niliyekata kamba. Mtu akikukana wewe amemkana na aliye tumboni, hata kama hajui yumo. Hilo ndilo linaloniinua kitini. Navaa viatu bila safari. Juzi nimetembea mpaka Lufingo, nimefika, nimenunua chumvi ambayo tunayo, nimerudi. Nimelishusha lile begi kutoka darini nikaliweka mlangoni, nalikanyaga kila nikipita.

Basi sikiliza. Nane Nane ikipita, Jumamosi inayofuata, nitakuwa Konde, kwa wazazi wako. Nakuja na Mama Lusajo na kaka yangu mkubwa, maana safari hii baba yako atumiwe wazee, hata kama wamechelewa. Ng'ombe hapandi boti, hayo tutazungumza na baba yako tukiwa tumekaa. Kuku nitakuja naye mwenyewe, hata abiria wakininunia. Na tutakula kwenye sinia, mimi nikiwa ndani, hata joto liweje. Mbele ya wazazi wako nitakunyooshea mkono. Ukiushika, nitashukuru. Usipoushika, utabaki umenyooka mpaka uchoke wenyewe, sitaurudisha kwenye mkanda wa begi.

Kisha, siku hiyo hiyo, jua likipungua, nitatembea kwa miguu barabara ya Makangale mpaka kwa yule mama wa karafuu. Ukitaka, twende pamoja, wewe na mtoto, na safari hii ukae mbele au nyuma au ubavuni, unavyopenda. Usipotaka, nitakwenda peke yangu. Pengine amenisahau, nitamkumbusha. Nitamwambia: mama, uliniuliza swali hapa nikakujibu uongo. Niulize tena.

Na akiniuliza nitamjibu: ndiyo, mwana yule ni wangu.

Ndaga, hivyo ndivyo tunavyoshukuru huku. Ndaga kwa machungwa. Mnibusie mtoto, kama inaruhusiwa.

Ni mimi, baba mkwe wako,
Baba Lusajo wa Kinyala