Nikisimama Tu

9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliandika kabla ya habari za nyumbani, maana nikianza kusema sisi ni wazima nitaishia hapo hapo. Naogopa kusimama.

Si kusimama mbele za watu, ingawa hilo nalo naliogopa. Kusimama kwenyewe. Nikiinuka tu, moyo unakwenda mbio, macho yanaingia giza, mikono inatetemeka. Gwarideni shuleni nimeanguka mara tatu. Wenzangu wananiita Malkia kwa kuwa kila niendapo natafuta kiti. Mama anasema ni vitabu, nasoma mno na kula kidogo. Kliniki wamesema ni hofu ya mtihani. Sasa mwalimu mkuu amesema nikianguka tena nikae nyumbani, nirudie darasa mwakani. Nami nimeanza kuwaza labda ni kweli najitia mgonjwa tu.

Miguu yako inaendeleaje na kazi ya saluni?

Mwanao

17 Machi

Marahaba mwanangu,

Miguu ipo, imevimba kama maandazi, lakini nasuka. Barua yako niliisoma mteja akiwa amesukwa nusu kichwa. Akaniuliza, “Kuna msiba?” Nikamwambia, “Tulia wewe, hujaisha.”

Kujitia? Wanaojitia hupenda kutazamwa. Wewe mgeni akibisha hodi unajificha chumbani. Ulipokuwa mdogo ulianguka ngazini, damu tele gotini, tukakuuliza kama umeumia. Ukajibu, “Hapana, ahsante.” Sasa nieleze: kule kliniki uliulizwa nini, ukajibu nini? Neno kwa neno, usinipambie.

Shangazi yako

25 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa miguu.

Daktari aliuliza, “Hujambo binti?” Nikasema sijambo. “Unajisikiaje?” Nikasema vizuri, ahsante. Wala sikudanganya. Nesi alikuwa amenionea huruma, akanilaza, na nikilala huwa vizuri kabisa. Ndipo wakanipima. Presha nzuri, mapigo mazuri.

Nimeandika hayo nikajishangaa. Kila nikianguka watu hunilaza kwanza, kisha hunipima. Hakuna aliyewahi kunipima nikiwa nimesimama.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Basi rudi hospitali. Salamu ziitikie, adabu ni adabu, lakini ukishasema “sijambo” ongeza “lakini”. Mama yako nimempigia simu. Kwanza amenifokea kwa nini nimejua kabla yake, halafu amelia. Atakupeleka.

Shangazi yako

27 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu tulikuwa tunasubiri majibu ya damu.

Tulipelekwa kwa daktari wa moyo. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akasogeza kiti, lakini nilisema yote. Akanilaza, akapima: mapigo sabini na manne. Akaniambia nisimame, nisiegemee ukuta. Akapima tena na tena. Yalifika mia na ishirini na sita, na presha haikushuka. Mama aliikodolea macho ile mashine.

“Si hofu ya mtihani?” akauliza.

“Hata angekuwa hana mtihani maisha yake yote, mama,” daktari akasema. “Akisimama, damu nyingi inabaki chini, moyo unakimbia ili kuifidia.”

Mama akanishika mkono, akasema, “Nisamehe. Nilikuwa nakuambia ule tu.”

Majibu ya damu yalitoka safi, na kipimo cha moyo pia, ndipo akathibitisha. Ugonjwa una jina refu, nitakuandikia siku nyingine. Hauponi kwa siku moja. Natakiwa kunywa maji mengi, kula chumvi kwa kiasi alichonipangia, kuvaa soksi ndefu za kubana na kuinuka polepole. Bado kizunguzungu kinanishika. Ila sasa nakijua.

Mwalimu mkuu alisoma cheti cha daktari, akasema nitabaki darasani kwangu. Jumatatu nikachukua stuli ya maabara, nikaibeba hadi gwarideni, nikaiweka mahali pangu mstarini, nikakaa. Watu wakacheka. Nilikaa hadi matangazo yakaisha, nikainuka polepole, nikarudisha stuli, nikaingia darasani.

Mwanao